Kilima na Bonde Havitetemeki Sawa

Jioni ya Agosti 12, 2020, ardhi ilipasuka chini ya sakafu ya Bahari ya Hindi, mbele ya pwani ya Tanzania, na tetemeko la ukubwa unaokaribia 6 likasambaa pande zote. Lilihisiwa Dar es Salaam, likahisiwa Zanzibar na Mombasa, na hata Nairobi, mbali kabisa na bahari, wakazi wa ghorofa za juu walieleza jinsi majengo yalivyoyumba. Katika miji hiyohiyo, usiku uleule, walikuwapo pia watu waliokaa chini kwenye nyumba zao bila kuhisi lolote, wakapata habari baadaye kwenye simu. Tetemeko lilikuwa moja. Namba iliyotangazwa redioni ilikuwa moja. Yaliyowapata watu hayakuwa mamoja, na tofauti hiyo haikufuata umbali peke yake.

Swali la kwanza baada ya kila tetemeko ni hili: lilikuwa na ukubwa gani? Namba inatolewa, inazungushwa, na mjadala unaishia hapo. Kwa mkazi wa Chawia, kwenye mgongo wa kusini wa milima ya Taita, namba hiyo haisemi karibu chochote kuhusu nyumba yake. Hoja yangu ni kwamba safari fupi ya kuteremka kutoka msitu wa Chawia hadi tambarare za Mwatate inaweza kubadilisha mtikisiko wa ardhi kuliko safari ya kuvuka kaunti mbili, na kwamba tabia hiyo ya ardhi inaweza kupimwa sasa, kabla ya tetemeko lolote, kwa vifaa vinavyoingia kwenye gari moja la kawaida. Anayesema Taita ni salama kwa kuwa iko mbali na Bonde la Ufa amesema nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayobomoa kuta.

Tuanze na vitu viwili ambavyo mazungumzo yetu huvichanganya. Ukubwa wa tetemeko ni kipimo cha kile kilichotokea kwenye chanzo, kule chini mwamba ulikovunjika na kuteleza. Charles Richter alitoa mizani yake mwaka 1935 huko California, na ingawa wanasayansi wa leo hutumia mizani iliyoboreshwa, kanuni ni ileile: kila hatua moja ya ukubwa ni karibu mara 32 ya nishati iliyotangulia. Ukali ni jambo jingine. Ukali hupima kilichotokea mahali fulani juu ya ardhi: je, vyombo viligongana kabatini, je, plasta ilianguka, je, ukuta ulilala chini? Padri Mwitaliano Giuseppe Mercalli alipanga mizani ya ukali mwaka 1902, na mizani hiyo, baada ya marekebisho, ingali inatumika. Tetemeko moja lina ukubwa mmoja lakini lina ukali mwingi, kila kijiji na wake. Mwaka 2010 dunia iliona jinsi vitu hivi viwili vinavyoweza kuachana. Tetemeko la Haiti la Januari lilikuwa na ukubwa wa 7.0 na liliua watu zaidi ya 100,000. Tetemeko la Chile la mwezi uliofuata lilikuwa na ukubwa wa 8.8, maana yake nishati yake ilikuwa karibu mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa mia kadhaa. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na ujenzi, nami nitarudi kwenye ujenzi baadaye. Kwa sasa inatosha kuona kwamba namba ya redioni haikuwa na uwezo wa kumwambia yeyote ni mji upi utakaozika watu wake.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia linatoka kwa mtu anayeijua jiolojia ya Taita, na ni pingamizi la haki. Atasema: milima hii imesimama juu ya miamba ya kale ya Ukanda wa Msumbiji, miamba ya nisi iliyopikwa na kukunjwa kwenye vina vya dunia zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, joto na mgandamizo uleule ulioacha vito vya savoraiti na rubi kuanzia Kasigau hadi Mangare. Mwamba kama huo ni mgumu na umetulia. Bonde la Ufa liko mbali magharibi. Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa nchini Kenya, lile la Subukia la Januari 6, 1928, lenye ukubwa wa karibu 7, lilipasua ardhi kwa urefu wa kilomita 38 hivi kwenye ukingo wa Laikipia, zaidi ya kilomita 400 kutoka Chawia. Kwa nini basi mtu wa Chawia apoteze usingizi?

Jibu lina sehemu mbili, na ya kwanza inakwenda kinyume na tunavyodhania. Mwamba wa kale, baridi na usiovunjikavunjika hausimamishi mawimbi ya tetemeko, huyapitisha vizuri. Ardhi inayokula nishati ya mawimbi ni ile yenye joto na nyufa nyingi, kama ile iliyo chini ya Bonde la Ufa lenyewe. Wamarekani walijionea hili Agosti 23, 2011, tetemeko la ukubwa wa 5.8 lilipotokea Virginia, upande wa mashariki ambako miamba ni ya kale. Lilihisiwa kutoka Georgia hadi Kanada na likatia nyufa mnara wa Washington, ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye kitovu. Tetemeko la ukubwa huohuo California halifiki mbali namna hiyo, kwa sababu ardhi ya huko imechanikachanika. Kwa hiyo ugumu wa mwamba wa Taita, ambao tunauhesabu kuwa ngao, ni barabara nzuri pia ya mtikisiko unaotoka mbali. Unamlinda aliyejenga juu ya mwamba wenyewe, naam, lakini aliyejenga juu ya udongo mlegevu uliolala juu ya mwamba huo huletewa mawimbi ambayo hayajachoka.

Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba si kila chanzo kiko mbali. Vilima vya Chyulu ni volkano changa. Lava nyeusi ya Shetani, inayovukwa na kila gari linaloingia Tsavo Magharibi kupitia upande wa Chyulu, ilitiririka katika karne ya 19, na haifiki kilomita 100 kutoka Chawia. Vipimo vimeonyesha kuwa ukanda wa Chyulu bado una vijitetemeko vyake. Upande wa kusini magharibi, ng'ambo ya Ziwa Jipe na milima ya Upare, tawi la mashariki la Bonde la Ufa hujigawa linapoingia kaskazini mwa Tanzania, na mojawapo ya mikono yake hufuata bonde la Pangani. Mwaka 2007 mlima Gelai, karibu na Ol Doinyo Lengai, ulitikisika kwa wiki kadhaa magma ilipojipenyeza chini yake. Tetemeko kubwa la kundi lile, la Julai 17, lilikaribia ukubwa wa 6 na likawatoa watu maofisini Nairobi. Siandiki haya ili kumtisha mtu. Taita si Toro ya Uganda wala si Bukavu ya Kongo, na uwezekano wa tetemeko la kuua kuanzia chini ya Voi ni mdogo. Lakini mdogo si sufuri, na mahali penye hatari ndogo ndipo hasa swali la ardhi iliyo chini ya nyumba linapata uzito, kwa kuwa mtikisiko wa wastani ambao mwamba ungeuvumilia bila shida unaweza kugeuka msiba pale ardhi inapoukuza.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wimbi la mtetemo linalosafiri kwenye mwamba mzima wa nisi huenda kwa mwendo wa kama kilomita tatu kwa sekunde. Linapopanda na kuingia kwenye udongo mlegevu, mwendo huanguka hadi mita mia mbili au tatu kwa sekunde. Nishati haipotei ghafla kwa sababu wimbi limepunguza mwendo. Hujirundika, na wimbi hupanda kimo. Weka jiwe na bakuli la uji juu ya meza moja, kisha igonge meza: meza ni ileile na pigo ni lilelile, ila uji unaendelea kucheza baada ya jiwe kutulia. Hilo lilionekana wazi San Francisco mwaka 1906. Tume iliyoongozwa na Andrew Lawson ilitembea mtaa kwa mtaa, na ramani zilizotolewa mwaka 1908 zilionyesha kwamba uharibifu mbaya kabisa ulifuata maeneo ya ardhi iliyojazwa na mabonde ya zamani yaliyofukiwa, huku nyumba za vilimani, umbali wa kutembea kwa miguu, zikipona. Tangu siku hizo hakuna mwanasayansi makini anayebisha kwamba ardhi ya juu huamua mengi.

Kuna jambo la pili linalofanya udongo uwe na hatari yake ya pekee. Kila tabaka la udongo lina kasi yake ya kuyumba inayoipenda, na kasi hiyo hutegemea unene wa tabaka na mwendo wa wimbi ndani yake. Hesabu yake ni nyepesi kiasi cha kufanywa na mwanafunzi wa sekondari: gawa mwendo wa wimbi kwa unene wa tabaka uliozidishwa mara nne. Chukua tambarare yenye udongo wa mafuriko wenye unene wa mita 20, kama unavyoweza kuwa kwenye kingo za mto mkubwa wa nyikani, na mwendo wa mita 200 kwa sekunde. Tabaka hilo litapenda kuyumba mara mbili na nusu kwa sekunde. Jengo la ghorofa nne nalo, kwa makadirio ya wahandisi, hupenda kuyumba karibu na kasi hiyohiyo. Vikikutana, jengo na ardhi husukumana kwa mpigo mmoja na mtikisiko huzidi kupanda. Sasa chukua udongo mwekundu wa mteremko, mita tano tu juu ya mwamba, mwendo wa mita 250: kasi yake ni mara 12 na nusu kwa sekunde. Ghorofa haitajali, lakini nyumba fupi ya tofali yenye chumba na sebule iko karibu na hapo. Hizi ni namba za mfano, si vipimo vya kiwanja fulani. Zinaonyesha kwa nini mtu hawezi kusema "Voi kubaya, Chawia kuzuri" au kinyume chake. Voi, kama mita 600 juu ya bahari, yenye reli na barabara kuu na majengo yanayopanda ghorofa mwaka hata mwaka kando ya mto wake, ina maswali yake. Chawia, zaidi ya mita 1,400, yenye nyumba fupi juu ya udongo unaobadilika unene kutoka shamba hadi shamba, ina maswali mengine.

Jiji la Mexico lilitoa somo hili kwa gharama ambayo hakuna mji ungetaka kuilipa tena. Septemba 19, 1985, tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea kwenye pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini. Miji iliyokuwa karibu zaidi na kitovu, juu ya mwamba, ilitikiswa kwa kiasi. Jijini, sehemu zilizo juu ya vilima vya mwamba zilipata madhara madogo. Lakini katikati ya jiji, penye tope laini la ziwa la kale la Texcoco, ardhi iliyumba polepole, mara moja kila sekunde mbili, tena na tena, na majengo ya ghorofa sita hadi 20 hivi yakaanguka, ilhali nyumba fupi zilizokuwa kando yake zikabaki zimesimama. Maelfu ya watu walikufa kwa tetemeko ambalo chanzo chake hakikuwa jirani yao. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo jibu kamili kwa anayetuliza watu kwa kutaja umbali wa Bonde la Ufa.

Je, basi aliye mlimani juu ya mwamba amesalimika? Si lazima. Umbo la ardhi lenyewe hucheza na mawimbi. Mawimbi yanayopanda ndani ya mgongo mwembamba hukusanyika kuelekea kileleni, na kilele hutikisika kuliko chini ya mlima. Baada ya tetemeko la Haiti, kundi la watafiti likiongozwa na Susan Hough liliweka vipimo Port-au-Prince na kunasa matetemeko madogo yaliyofuatia. Kwenye mgongo mmoja wa vilima upande wa Pétion-Ville, ambako majengo mazuri yalikuwa yameharibika vibaya, waligundua kuwa mgongo ulikuza mtikisiko kuliko hata bonde lenye udongo laini lililokuwa chini yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka huohuo wa 2010, na kwa watu wanaoishi kwenye migongo, kama wale wa Chawia, Wesu au Yale, yanastahili kusomwa kwa makini zaidi ya takwimu yoyote ya ukubwa.

Mteremko una hatari nyingine, na kwa maoni yangu hii ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya Taita. Maporomoko ya ardhi milima hii inayajua tayari kwa sababu ya mvua. Udongo mwekundu uliooza kutoka kwenye mwamba hunyonya maji mpaka unakuwa mzito, na mpaka kati yake na mwamba ulio chini hugeuka utelezi. Tetemeko likija katika hali hiyo halihitaji kuwa kubwa. Kwenye milima ya Rwenzori, matetemeko ya Machi 20, 1966 na Februari 5, 1994 yaliacha maporomoko kwenye miteremko, mbali na nyumba yaliyobomoa. Huko Morocco, Septemba 2023, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga milima ya Atlas na kuua karibu watu 3,000. Mawe na udongo uliporomokea barabara nyembamba, na vijiji vikabaki bila msaada wakati ambapo kila saa ilikuwa na thamani ya uhai. Fikiria barabara zinazopanda kutoka Mwatate, kona baada ya kona, zilizochongwa kwenye ubavu wa mlima. Tetemeko la Agosti, ardhi ikiwa kavu, na tetemeko la Novemba katikati ya vuli, ni matukio mawili tofauti kwa mlima huohuo, hata kama ukubwa na kitovu ni kimoja. Misitu iliyobaki, ukiwemo wa Chawia na vichaka vya fighi vilivyolindwa na mila za Wadawida, husaidia kushika udongo wa juu kwa mizizi yake. Haisaidii pale ambapo utelezi uko chini ya kina cha mizizi, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi, tusije tukaupa mti kazi isiyoiweza.

Kutokana na yote haya, lawama yangu kwa ramani za hatari ni hii. Mpango wa kimataifa wa kukadiria hatari za matetemeko uliofanywa katika miaka ya 1990 ulitoa ramani ya dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwamo, na ramani mpya zaidi zimefuata. Ni kazi ya heshima. Lakini ramani za namna hii hukokotolewa kwa kudhani kwamba kila mahali ni mwamba au ardhi ngumu, ili mahali paweze kulinganishwa na pengine. Anayeitazama Taita Taveta humo huona rangi moja ya upole, na huenda akadhani rangi hiyo inamhusu mwenye duka aliye kando ya Mto Voi, mkulima wa Bura, na shule iliyo ukingoni mwa mteremko Chawia, wote kwa pamoja. Kwa kweli haimhusu yeyote kati yao mpaka ardhi yao isomwe. Wachora ramani hawakukosea. Walijibu swali lao. Kosa ni letu tunapolichukua jibu lao kuwa jibu la swali letu.

Ardhi husomwaje? Njia ya kwanza ni ya kale na bado ina nguvu: kuwauliza watu. Baada ya tetemeko la Toro la 1966, ambalo liliua zaidi ya watu 100 magharibi mwa Uganda, I. S. Loupekine alizuru eneo hilo na kuandika ripoti kwa UNESCO, akichunguza nyumba zilizoanguka na zilizosimama. Nicholas Ambraseys, mwalimu wa Chuo cha Imperial huko London, aliyajenga upya matetemeko ya Rukwa ya 1910 na Subukia ya 1928 kwa kupekua magazeti ya zamani na barua na taarifa za maofisa na wamisionari, akapanga kila ushahidi kwenye mizani ya ukali. Tetemeko la Rukwa, lenye ukubwa wa zaidi ya 7, ni kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki, na mengi tunayojua kuhusu athari zake yanatokana na watu walioandika walichokiona. Shirika la Jiolojia la Marekani limeifanya njia hii kuwa ya intaneti tangu mwisho wa miaka ya 1990: yeyote aliyehisi tetemeko hujibu maswali machache, na majibu huchora ramani ya ukali. Udhaifu wake kwetu ni dhahiri. Ramani hujaa majibu ya Nairobi na Mombasa, na vilima vya Taita hubaki vyeupe, kana kwamba hakuna aliyetikiswa. Machifu na walimu wakuu wangeweza kuziba pengo hilo kwa karatasi ya maswali kumi, ikijazwa siku inayofuata tetemeko kabla kumbukumbu hazijachanganyika.

Njia ya pili ni ya vipimo. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na kituo cha kupima mitetemo tangu miaka ya 1960, na kituo cha Kilima Mbogo kimekuwa kikituma data kwa dunia tangu katikati ya miaka ya 1990. Kati ya 1985 na 1994, mradi wa kimataifa uitwao KRISP ulilipua baruti kwenye maziwa na visima na kusikiliza mwangwi kwa mamia ya vipokezi vilivyopangwa kwa mistari kuvuka Kenya. Mstari mmoja ulipita Chyulu kuelekea Bahari ya Hindi, na ndio uliotuambia kwamba gamba la dunia chini ya Chyulu lina unene unaozidi kilomita 40. Kazi hiyo ilieleza njia ambayo mawimbi hupitia. Haikueleza mita 30 za mwisho, zile ambazo nyumba imekanyaga.

Kwa mita hizo 30 kuna kifaa cha bei nafuu na akili nyingi. Mwaka 1989 Yutaka Nakamura, mtafiti wa reli nchini Japani, alieneza mbinu isiyohitaji tetemeko wala baruti. Ardhi haitulii kamwe: upepo hutikisa miti, malori hupita, mawimbi ya bahari hupiga ufuo, na vijitetemo hivyo visivyohisiwa na binadamu hupita chini ya miguu yetu usiku na mchana. Kipima-mtetemo kimoja huwekwa chini kwa nusu saa hivi, kikarekodi mtikisiko wa kwenda juu na chini na ule wa kwenda kando. Uwiano wa hizo mbili huonyesha kasi ambayo udongo wa pale hupenda kuyumba. Ukitaka kujua pia mwendo wa mawimbi, unapanga vipokezi kadhaa kwa mstari, unapiga bamba la chuma kwa nyundo kubwa, na kompyuta inafanya hesabu. Kundi la watu wanne linaweza kupima viwanja kadhaa kwa siku. Kuna pia hazina nyingine iliyokwishalipiwa: hakuna daraja la reli ya kisasa lililojengwa Voi bila ardhi kutobolewa kwanza, na mchimbaji wa kisima cha maji huandika tabaka alizopita. Kumbukumbu hizo zikikusanywa mahali pamoja, nusu ya ramani itakuwa imechorwa kabla ya mtu kununua kifaa chochote. Na wa kuifanya kazi hii hawahitaji kuagizwa kutoka nje. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa madini, na stadi za kutafuta madini chini ya ardhi ni ndugu wa damu wa stadi hizi. Wundanyi kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichora ramani za misitu, udongo na matumizi ya ardhi ya vilima hivi. Kinachokosekana ni mtu wa kuziunganisha kazi hizi kwa lengo moja.

Hapo nakutana na pingamizi zito kuliko yote. Mwingine atasema: kinachoua watu ni nyumba mbovu, ardhi haina kosa, kwa hiyo fedha ziende kwenye simiti na nondo, na utafiti wa udongo usubiri. Bukoba anayo kama ushahidi. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9, ambalo Japani lingepita bila habari kubwa, liliua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera na kubomoa nyumba nyingi za tofali zisizo na kitu cha kuzifunga pamoja. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Linta inayozunguka nyumba nzima, kona zilizofungwa kwa nondo na paa lililoshikamana na kuta vingeokoa watu wengi kuliko ramani yoyote. Lakini hoja yake haipingi yangu. Nyumba imara hujengwa kwa hesabu, na hesabu huanza na nguvu ya mtikisiko unaotarajiwa pale inaposimama. Mhandisi asiyejua ardhi hukisia. Akikisia juu, mjenzi maskini hulipia nondo asizozihitaji na mwishowe huacha kumsikiliza mhandisi. Akikisia chini, sote tunajua mwisho wake. Tena Chawia kuna hatari ambayo nondo haiiwezi: nyumba imara kuliko zote, ikijengwa chini ya mteremko unaosubiri kuporomoka, itafunikwa ikiwa nzima.

Atabaki yule anayeuliza fedha zitoke wapi, kaunti hii ikiwa na kiu ya maji, ndovu mashambani na zahanati zinazosubiri dawa. Simjibu kwa kumwambia tetemeko ni muhimu kuliko maji. Si kweli, na mkazi wa Mwatate anajua hivyo. Namjibu kwamba sehemu kubwa ya kipimo hiki ni kipimo kilekile kinachohitajika kwa mambo hayo mengine. Unene wa udongo juu ya mwamba humwambia mchimba kisima wapi pa kutafuta maji. Ramani ya miteremko isiyotulia inahitajika kila msimu wa mvua, tetemeko lije lisije. Wala hakuna anayetaka familia zihamishwe kutoka kwenye ardhi ya babu zao. Mtu aliyezaliwa Chawia atajenga Chawia, na ni haki yake. Ila katika shamba hilohilo mara nyingi kuna mahali pawili pa kuweka msingi, pa kwanza pakiwa karibu na mwamba na pa pili pakiwa kwenye kijibonde kilichojaa udongo ulioteremshwa na maji, na leo mwenye shamba huchagua kwa kuangalia barabara na mandhari tu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia lingine.

Kazi ianzie kwenye majengo ambayo watu hawayachagui wenyewe: shule, zahanati na makanisa yanayojaa kila wiki. Mstari mmoja wa vipimo, kutoka mgongo wa Chawia kuteremka Mwatate na kuendelea kando ya barabara hadi Voi, nusu saa kila kituo, ungetosha kuonyesha ni viwanja vipi vinavyotikisika pamoja na majengo yaliyo juu yake na vipi havifanyi hivyo. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na Kidawida, yabandikwe kwenye ofisi za machifu, na nakala iwekwe mezani pa afisa wa kaunti anayepitisha michoro ya majengo, ili mchoro wa darasa jipya unapomfikia, jambo la kwanza analoliangalia liwe ardhi ya pale, kabla ya rangi ya mabati.